Namna ya Kutengeneza Nyirinyiri Ikafika Mwisho wa Mwezi

Kabla hujanunua nyama, hesabu watu wa nyumba yako. Wahesabu na wasiolala hapo: shemeji anayepita kila Jumapili akielekea mahali ambapo hafiki, jirani anayekuja kuazima chumvi saa ya chakula, mtoto wa mama mdogo aliyeletwa kwa likizo ya Agosti na bado yupo. Ukishapata idadi, ongeza kilo 3. Nzi, kunguru na unyevu wana dawa, na tutawafikia. Mtu anayepita jikoni "kuonja tu" hana dawa ila kujiandaa naye mapema.

Kwa asiyeijua, nyirinyiri ni nyama ya ng'ombe au ngamia iliyokatwa mikanda, ikaanikwa juani, ikakatwakatwa vipande vidogo na kukaangwa mpaka maji yote yakaisha, kisha ikahifadhiwa ndani ya samli au mafuta. Ni chakula cha Isiolo, Marsabit, Moyale, Wajir na Garissa, na kimeshuka na watu wake hadi Eastleigh jijini Nairobi, ambako hoteli hukiweka kwa kijiko juu ya anjera asubuhi. Waborana wana koche, Wasomali wana odka na mukmad. Ng'ambo ya mpaka Waethiopia wana kwanta, inayopakwa pilipili na kuning'inizwa jikoni ipate moshi. Afrika Kusini wana biltong, inayotiwa siki na giligilani ikatafunwa bila kuguswa na moto. Wahausa wa Niger na Nigeria wana kilishi, iliyopakwa njugu zilizosagwa. Mwaka 1990 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilichapisha kitabu cha njia rahisi za kuhifadhi nyama, na nyingi ya hizi zimo humo, zimeelezwa kwa heshima ya kitaalamu ambayo mama zetu hawakuwahi kuidai.

Nakueleza mapema ninachokiamini ili usije ukasema sikukwambia: nyirinyiri ni akiba. Siku hizi nyama kavu inauzwa kwenye vipakiti vya rangi karibu na kaunta ya kulipia, na vijana wanaitafuna kama karanga mbele ya televisheni. Mtu anayekula hivyo anamaliza jioni moja kitoweo cha nyumba nzima cha siku kadhaa, na mwili wake haupati faida ya ziada kwa ulafi huo. Mwongozo huu ni wa kukufundisha kula kidogo, kwa muda mrefu, na kwa raha kubwa zaidi.

Kwenye bucha

Nenda asubuhi, kabla wenye nyama choma hawajachukua paja zima. Omba paja la nyuma, nyama tupu, bila mfupa na bila mafuta. Mwenye bucha atakutazama kwa huruma, maana kwake nyama isiyo na mafuta ni ya mgonjwa. Shikilia msimamo. Mafuta ya ng'ombe hayakauki. Yakikaa juani na hewani yanachacha, na harufu hiyo ikishaingia kwenye nyama haiondoki hata ukimimina iliki ya kilo nzima. Mafuta utayaweka baadaye, ukiwa umeyachagua mwenyewe. Na kama uko Isiolo au Garissa na ngamia amechinjwa siku hiyo, chukua ngamia, kisha omba na kipande cha nundu. Mafuta ya nundu yakiyeyushwa polepole hukaangia nyirinyiri ambayo watu wataizungumzia.

Tazama mhuri wa mkaguzi kwenye nyama. Mhuri huo ndio unaosema kwamba kuna mtu aliyesomea kazi hiyo ameikagua kabla hujaigusa. Ng'ombe aliyekufa mwenyewe haanikwi, hauzwi, hagawiwi jirani, hata kama ni hasara ya kutia uchungu. Vijidudu vya kimeta hujifungia ndani ya ganda gumu ambalo jua halilivunji, na vinaweza kungoja ardhini miaka mingi. Anayemchuna mnyama kama huyo huweza kuambukizwa kwa mikono yake kabla hata chungu hakijatelekwa. Kukausha kunahifadhi nyama nzuri. Nyama mbaya ikikaushwa inakuwa nyama mbaya inayodumu.

Sasa hisabati, ambayo inavunja ndoa nyingi kuliko inavyostahili. Nyama mbichi isiyo na mafuta ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Kilo 3 zikikauka sawasawa zinakupa kilo 1 hivi. Mweleze mwenzako jambo hili siku ya kununua, tena mbele ya mizani. Ukingoja mpaka akuulize kilo nyingine 2 zimekwenda wapi, jibu la "zimekwenda hewani" halitamridhisha, na jina la shemeji wa Jumapili litatajwa.

Kisu, kamba na jua

Noa kisu. Kata mikanda kwa kufuata nyuzi za nyama, unene wa sentimita 1, urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko. Ukizikatiza nyuzi, mkanda utakatika kwa uzito wake ukiwa kambani na kuangukia mchanga. Mwenye friji aiweke nyama kwenye barafu kwa saa moja kwanza ili igande kidogo, kisu kitapita bila kuteleza. Asiye na friji, na ndiye ambaye nyirinyiri ilibuniwa kwa ajili yake, akate polepole na asizungumze na mtu. Mkanda mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine hukauka nje ukabaki mbichi ndani, na huko ndani ndiko kuoza kunakoanzia.

Chumvi vijiko 2 vya chai kwa kilo vinatosha. Wengine hutia nyingi wakidhani wanalisaidia jua. Chumvi husaidia kweli, kwa kuvuta maji na kuwanyima vijidudu nafasi, lakini kumbuka kwamba kilo 3 zitakuwa kilo 1 na chumvi haitakwenda popote. Kile ulichoonja kikakupendeza kwenye nyama mbichi kitakuwa kimezidi mara tatu.

Funga kamba mahali penye upepo na jua la asubuhi. Mikanda isigusane. Funika kwa chandarua safi, maana nzi hutua popote na paka ana subira kuliko wewe. Kunguru ni wa kukabiliwa na mtu mwenye fimbo, na kazi hiyo ni ya yule mtoto wa likizo. Jioni ingiza nyama ndani, umande usiirudishe ilikotoka. Kwa jua la Isiolo la Januari siku 2 zinatosha. Kwa Nairobi ya Julai, yenye mawingu na baridi, usijaribu kabisa. Tumia oveni ya moto mdogo, digrii 70 hadi 80, mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Wakazi wa Mombasa, hewa yenu ina maji kuliko nyama yenyewe, nanyi pia oveni ndiyo njia yenu.

Kujua kama imekauka, shika mkanda mmoja uukunje. Ukikunjika kwa ulaini, urudishe kambani. Ukipasuka juu ya mkunjo bila kukatika vipande viwili, umefika. Ndani uwe na wekundu mzito usio na unyevu. Ukinusa harufu ya uchachu au ukiona utelezi, tupa. Usijipe moyo kwamba moto wa karai utasafisha kila kitu. Moto unaua vijidudu vingi, lakini baadhi yao huacha sumu ndani ya nyama, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa.

Karai

Hapa ndipo nyirinyiri inapojitenga na nyama kavu nyingine nyingi, na ndiyo sababu naiamini. Biltong hutegemea ukavu na siki. Nyirinyiri hupita juani, ikapita motoni, kisha ikafunikwa na mafuta ili hewa isiifikie. Kilichoepuka kizuizi kimoja hukutana na kingine.

Katakata mikanda vipande vya nusu sentimita, na safari hii katiza nyuzi, ili jino lipate pa kuanzia. Pasha mafuta au samli kwenye karai, moto mdogo. Mwenye haraka akapike mayai. Kaanga kitunguu saumu kilichomenywa mpaka kiwe rangi ya kahawia, halafu kitoe. Kitunguu kina maji, na maji hatuyataki kwenye mkebe, kwa hiyo kiache harufu yake kiende zake. Mimina nyama.

Mwanzoni mafuta yatapiga kelele. Ni maji yaliyobaki ndani ya nyama yanatoka, na mapovu yatakuwa makubwa, meupe, yanayopasuka na kurusha matone mkononi. Koroga bila kuondoka. Baada ya muda mapovu yanapungua na kuwa madogo, kelele inashuka, na nyama inaanza kutoka kwenye wekundu kuingia kahawia iliyoiva. Kisha karai inakaribia kunyamaza. Vipande vikigongwa na mwiko vinatoa mlio mkavu. Opoa kimoja, kiache kipoe, kitafune: kikivunjika mara moja kisha kikalainika mdomoni na kuacha utamu wa nyama nyuma ya ulimi, epua. Kikivutika, bado kina maji. Kikiwa kichungu, umechelewa. Tia iliki iliyotwangwa mwishoni kabisa, moto ukiwa umezimwa, kwa sababu iliki iliyoungua inaharibu kazi ya siku 3.

Kipande cha kuonja ni kimoja. Nimeona karai ya kilo nzima ikifika mezani ikiwa nusu kwa sababu kila mtu aliyepita alitaka kuhakikisha kwamba yule aliyetangulia ameonja vizuri.

Acha ipoe kabisa kabla hujafunika. Ukifunika ikiwa moto, mvuke utapanda hadi kwenye kifuniko, utageuka matone na kudondoka juu ya nyama, nawe utakuwa umeyarudisha maji uliyoyafukuza kwa jua la siku 2. Mkebe uwe mkavu, mafuta yafunike nyama yote juu, na kijiko cha kuchotea kiwe kikavu kila mara. Kijiko kilicholowa kikiingia mara moja tu, ukungu unafuata. Ukifanya hivi, mkebe utakaa miezi kadhaa kwenye kabati la kawaida, mahali penye ubaridi na giza, bila umeme wowote.

Kuulinda mkebe

Kuandika jina lako juu ya mkebe hakusaidii, watoto wa siku hizi wanasoma wakiwa na miaka 4. Kuuweka juu ya kabati hakusaidii, kiti kipo. Kinachosaidia ni mikebe miwili. Mdogo uwe mezani, unaonekana, una kiasi cha wiki moja, na kila mtu anajua ukiisha umeisha hadi Jumamosi. Mkubwa uingie ndani ya ndoo ya unga wa uji, kwa sababu hakuna kijana aliyewahi kuufungua unga wa uji kwa hiari yake. Kama nyumbani kuna nyanya wa watoto, mkabidhi yeye mamlaka. Katika nyumba nyingi za kaskazini mwanamke mzee ndiye anayegawa nyirinyiri, kijiko kwa kijiko, akijua nani ana mimba, nani ametoka homa, nani amekwenda malishoni tangu alfajiri na nani ameshinda amelala. Mgawanyo huo ni wa haki kuliko wa kila mtu kujichotea, na watu wa lishe wangeweza kukaa chini yake wakajifunza.

Kwa nini kijiko kinatosha

Gramu 30 za nyama iliyokauka sawasawa, yaani kiganja kisichojaa, zina protini ya gramu 15 hivi. Hiyo inazidi ya mayai 2. Mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji gramu 50 hivi kwa siku nzima, na maharagwe, maziwa na unga vinachangia sehemu yake. Kwa hiyo huna sababu ya kula mkebe mzima kwa jina la afya. Juu ya protini kuna zinki, na kuna vitamini B12, ambayo mimea haina na bila hiyo damu na neva havifanyi kazi ipasavyo.

Ila kilicho bora zaidi ni madini ya chuma, na hapa naomba wanawake wasogee karibu. Mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji chuma zaidi ya mara mbili ya mwanamume, na bado katika nyumba nyingi sahani ya mwanamume ndiyo inayorundikwa nyama. Chuma cha nyama mwili unakifyonza kwa urahisi kuliko kile cha maharagwe na mboga. Tena nyama kidogo ikiingia kwenye chungu kimoja na maharagwe, mwili unafyonza zaidi hata kile chuma cha maharagwe chenyewe. Maana yake ni kwamba vijiko 2 vya nyirinyiri ndani ya sufuria ya githeri vinawafanyia watu 6 kazi ambayo pakiti nzima haimfanyii mlafi mmoja. Kamulia limau au kata chungwa pembeni, kwa kuwa vitamini C, ambayo nyirinyiri haina, husaidia kufyonza chuma cha mimea hiyo. Sukuma wiki iliyokaangwa kwa kijiko cha nyirinyiri na nyanya mbili ni mlo kamili wa mtu mwenye ugali wake, na mpishi wake hahitaji mchuzi wa kopo wala kiungo cha dukani.

Chai ya maziwa na nyirinyiri ni marafiki wa zamani, sitawatenganisha. Lakini chai huzuia chuma cha mimea, kwa hiyo mama mjamzito au mtu aliyeambiwa ana upungufu wa damu ale kwanza maharagwe yake na nyirinyiri, kisha angoje saa moja ndipo anywe.

Ipo na habari ambayo wauzaji wa vipakiti hawaipendi. Oktoba 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka nyama iliyosindikwa, iwe kwa chumvi, kwa moshi au kwa kemikali za kuhifadhia, kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na biltong ikatajwa kati ya mifano. Makadirio yalikuwa kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Soma hayo maneno mawili: kila siku. Anayemaliza kipakiti kila jioni anahusika. Anayechota kijiko mara chache kwa wiki, nyama ikiwa ya nyumbani, chumvi ikiwa kidogo na mboga ikiwa nyingi, yuko mbali na hali hiyo, na mbali huko ndiko ninakotaka ukae. Chumvi nayo ina hesabu yake: shirika hilo hilo linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku, na gramu 100 za nyama kavu ya dukani huweza kubeba karibu kiasi hicho chote. Mwenye shinikizo la damu, mwenye jongo na mwenye ugonjwa wa figo wamuulize daktari wao kabla ya kuufungua mkebe. Mtoto chini ya miaka 4 asipewe vipande vikavu, vinaweza kumkaba. Mpondee, vichemshe ndani ya mchuzi mpaka vilainike.

Mwezi wa Ramadhani usile nyirinyiri yenye chumvi nyingi wakati wa daku, utaikumbuka saa nane mchana koo likiwa limekauka. Ngoja magharibi, uile baada ya tende na maji.

Kuibeba

Barabara ya Isiolo hadi Moyale ina kilomita zipatazo 500. Kabla haijatiwa lami, dereva wa lori na abiria waliokaa juu ya mzigo waliweza kulala njiani, na chapati iliyokunjwa na nyirinyiri ndani ndiyo iliyokuwa hoteli yao. Leo basi linafika kwa siku moja, lakini chapati hiyo haijastaafu. Ikunje kwa karatasi, usiiweke kwenye mfuko wa plastiki ukiwa na jua dirishani, na usiifungue kabla basi halijaondoka kituoni. Ukifungua mapema, harufu ya iliki itakutambulisha kwa abiria ambao hukuwajua, na adabu zetu haziruhusu mtu kula peke yake huku jirani akimeza mate. Tena chukua ya ziada.

Safari za ndege zinahitaji moyo mgumu zaidi. Mama yeyote mwenye mtoto Minneapolis au London anajua hamu ya kumpelekea mkebe. Nakusihi usimfungie. Marekani inazuia nyama kutoka nchi zenye ugonjwa wa midomo na miguu wa mifugo, na Kenya ni mojawapo. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya nazo hazimruhusu msafiri kuingia na nyama kutoka kwetu. Kule Marekani kuna mbwa wadogo wa aina ya beagle waliofunzwa kunusa mabegi, na nyirinyiri yako, iliyokaangwa kwa iliki na kusifiwa na mtaa mzima, haitapita mbele yao kimyakimya. Asiyetangaza alichobeba anaweza kutozwa faini. Mpelekee kijana wako maelekezo badala ya mkebe: nyama inauzwa huko, oveni ipo, na akikaanga mwenyewe akaunguza karai moja, atazungumza na mama yake kwa heshima mpya.

Harusini

Kaskazini mwa Usomali na Djibouti, nyama hii huingia kwenye ndoa kwa sherehe. Upande wa bibi harusi hutayarisha chombo cha kusukwa kiitwacho hedho, ndani mkiwa na mukmad na tende, kikavikwa nguo na kuzungushiwa kamba kwa mafundo ya ustadi. Baada ya harusi upande wa bwana hutakiwa kukifungua mbele ya watu bila kuikata kamba. Ushauri wangu kwa mashemeji wa kiume ni huu: msimpeleke mwenye nguvu, mpelekeni mwenye vidole vyepesi na asiyepandisha hasira upesi. Anayevuta kwa pupa hukaza fundo, wanawake hucheka, faini hutolewa, na chakula kinachelewa kwa kila mtu. Naupenda sana mchezo huu. Unamfundisha bwana harusi hadharani kwamba akiba ya nyumba hufunguliwa kwa subira, na kwamba aliyeifunga ana akili.

Ukame

Maelekezo yote ya juu yaliandikwa na jua kali na miaka mibaya. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi 2022, mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo kaskazini mwa Kenya, Usomali na kusini mwa Ethiopia, na mifugo ikafa kwa mamilioni. Mfugaji anayeona malisho yakiisha ana dirisha dogo la kuamua. Ng'ombe akiwa bado na nyama mwilini, anaweza kuchinjwa, na ndani ya siku chache mwanamke anayejua kazi yake anaweza kumgeuza akawa mikebe ya nyirinyiri itakayolisha watoto miezi kadhaa, nyama ikiwa nyepesi ya kubebwa na punda familia inapohama. Akingoja wiki mbili zaidi kwa matumaini ya wingu, mnyama anaanguka mwenyewe, na nimekwisha kusema cha kufanya na mnyama aliyekufa mwenyewe. Uamuzi huo ni mchungu, maana ng'ombe ni mali, ni mahari, ni jina la baba. Ndiyo maana nakasirika nikisikia ujuzi huu ukiitwa mapishi ya kizamani. Hauhitaji umeme wala friji wala mafuta ya jenereta. Unahitaji kisu, kamba, jua, samli na mtu anayejua kusikiliza karai, na watu hao wanazeeka. Kama una shangazi wa aina hiyo Marsabit au Wajir, usimpigie simu kumuuliza vipimo. Nenda ukae naye siku 3, unoe kisu, ufukuze kunguru, na uonje kipande kimoja.

Chini ya mkebe

Nyama ikiisha, yatabaki mafuta. Usiyamwage, na usimwachie mtu mkate ayafute kabla hujayaona. Yana iliki, yana harufu ya kitunguu saumu, yana chembe za nyama zilizozama, na kijiko kimoja kinatosha kuunga wali wa watu 4 au kukaangia mayai ya Jumapili. Yakinuka uchachu, hapo ndipo yanatupwa. Kisha osha mkebe kwa maji ya moto na sabuni, ukaushe kwa kitambaa, uuanike juani mdomo wazi siku nzima hadi usipate tone hata kwenye pembe ya kifuniko. Jumamosi bucha inafunguliwa saa kumi na mbili. Paja la nyuma, bila mafuta, na hesabu yako ya watu iwe na shemeji.